Kujitolea Ugenini na Deni la Nyumbani

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hakuna mwalimu wa Kiswahili asiyepata kuiandika methali hii ubaoni, na hakuna mwanafunzi asiyepata kuieleza katika insha. Maelezo huwa yale yale: mgeni akizidisha siku asikae bure, naye ashike kazi kama wenzake. Maelezo hayo si makosa. Hata hivyo, ndugu msomaji, leo ningependa tuitazame methali hii kwa jicho jingine, maana wako wageni ambao hawaingoji siku ya tatu. Huwasili na jembe begani siku ya kwanza, tena wakiwa wamejilipia nauli ya ndege ili wapate kulima shamba la mtu wasiyemjua. Nawajua vyema wageni hao kwa sababu nami nilipata kuwa mmoja wao.

Desturi ninayoizungumzia ni hii: msafiri aliye katika nchi ya kigeni huenda akakaa katika shamba dogo la mashambani, akafanya kazi kwa saa kadhaa kila siku, na mwenye shamba akampa chakula na mahali pa kulala. Fedha hazipiti mkononi mwa yeyote. Huko Uingereza mpango wa namna hii ulianzishwa mwaka 1971 na Sue Coppard, aliyekuwa karani mjini London, ambaye aliona kwamba watu wa mjini kama yeye hawakuwa na njia ya kuonja maisha ya shamba. Alianza na wikendi moja katika jimbo la Sussex. Mpango huo ukaenea duniani na kujulikana kwa jina la WWOOF, na leo una mashamba katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo.

Mwaka 2009 nilikuwa Ujerumani nikisomea shahada ya uzamifu katika isimu. Majira ya joto yalipofika, chuo kilifungwa, wenzangu wakaenda makwao, nami nikabaki na mfuko mwepesi na hamu kubwa ya kuona dunia. Rafiki mmoja akanieleza juu ya mashamba hayo. Nikapanda garimoshi, kisha basi, hata nikafika katika milima ya Cévennes, kusini mwa Ufaransa. Mwenyeji wangu alikuwa bibi mjane aliyepita umri wa miaka sabini, mwenye mbuzi wapatao ishirini na jibini aliyoipeleka sokoni kila Jumamosi. Masharti yalikuwa mepesi: saa tano za kazi kwa siku, Jumapili mapumziko.

Kazi niliyopewa ilinishangaza. Miteremko ya Cévennes ni mikali, na watu wa kale waliigawanya kwa matuta yaliyoegemezwa kwenye kuta za mawe, bila saruji wala udongo wa kushikanisha. Juu ya matuta hayo waliotesha miforosadi ya kulishia nondo wa hariri, na miti mikubwa inayozaa kokwa zilizosagwa unga na kuwa chakula cha maskini. Katika karne ya 19 maradhi yakawaua nondo wa hariri, na vijana wakateremkia migodini na mijini. Kuta zikaachwa zibomoke. Bibi yule alikuwa akiziinua tena, ukuta mmoja baada ya mwingine, na mikono yake ilikuwa haitoshi.

Nami ni mtoto wa Matinyani. Wasioijua Matinyani ni vyema niwaambie kwamba iko magharibi mwa mji wa Kitui, katika nchi ya vilima, mawe, na mito ambayo kwa miezi mingi ya mwaka huwa ni barabara za mchanga mtupu. Huko kwetu mtoto hufundishwa maana ya tuta kabla hajafundishwa kusoma. Nilipoona kuta zile nilicheka moyoni. Nilimwonyesha bibi kwa ishara kwamba kazi hii ni ya ukoo wetu, na kwamba asiwe na wasiwasi.

Kwa muda wa siku nne nilijenga ukuta wenye urefu wa hatua sita hivi. Usiku wa siku ya tano mvua kubwa ya radi ikanyesha. Nilipoamka nilimkuta bibi keshatangulia shambani. Ukuta wangu ulikuwa umefura kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi, naye alikuwa akiubomoa jiwe kwa jiwe, bila kelele, kama mtu anayefumua nguo iliyoshonwa vibaya. Aliponiona hakukasirika. Alichukua jiwe refu, akalilaza kama nilivyokuwa nikilaza mimi, yaani ubavu wake ukitazama nje; akatikisa kichwa. Kisha akaligeuza, urefu wake ukaingia ndani ya kilima na ncha yake tu ikabaki nje. Akajaza kokoto nyuma yake ili maji yapate njia ya kupita. Ndipo akalitamka jina la jiwe la namna hiyo, akaningoja nilirudie. Nikalirudia. Akaendelea na jiwe la pili na jina lake.

Msomaji utaona jambo lilivyokuwa. Daktari mtarajiwa wa isimu alikuwa bubu mbele ya mwanakijiji, naye mwanakijiji ndiye aliyekuwa akimfundisha lugha na kazi kwa pamoja, bila mshahara. Siku zangu nne za kujitolea zilikuwa zimemgharimu bibi yule siku mbili zake za kubomoa na kujenga upya, licha ya mkate wake, jibini yake na shuka zake. Nani alikuwa amejitolea kwa nani? Swali hilo sikuliuliza wakati ule. Nilikuja kuulizwa mimi, tena kwa simu.

Ilikuwa Jumapili. Nilinunua kadi ya simu kijijini nikampigia mama Matinyani. Mwaka ule wa 2009 ulikuwa wa ukame mkali katika Ukambani nzima, na mama alinieleza habari za mahindi yaliyokauka yakiwa ya urefu wa magoti, na za safari ya kuchota maji iliyoanza alfajiri. Kisha akataka kujua habari zangu.

"Mwaitu, niko shambani," nikamwambia. "Ninajenga matuta."

"Matuta? Huko Ulaya?"

"Ndiyo, mwaitu. Kwa bibi mmoja mzee anayeishi peke yake."

"Vyema. Wazee wasaidiwe. Anakulipa ngapi?"

"Halipi. Ni kazi ya kujitolea."

Mama alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani kadi imekwisha. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, pasipo lawama: "Hata hapa hatulipi, mwanangu."

Nimefundisha chuo kikuu kwa zaidi ya mwongo mmoja, na nimepata kusikiliza hoja nyingi za wasomi. Sijapata kusikia nyingine iliyonikata kama hiyo. Nilikuwa na ndugu zangu wawili waliofanya kazi Nairobi na Mombasa. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki. Katika miaka yote niliyosoma sekondari na chuo kikuu, likizo zangu nilizitumia kwa mafunzo ya ziada, kwa mikutano, kwa kutafuta vibarua vya mjini. Mwalimu wangu mmoja alikuwa akituambia darasani kwamba asiyesoma ataishia kushika jembe, nasi tukasoma kwa bidii ili jembe lisitupate. Na jembe lilipokuja kunipata, lilinipata katika shamba la mtu mwingine, ng'ambo ya bahari, nikiwa nimelifuata mwenyewe kwa garimoshi.

Kwa nini jembe la Cévennes lilikuwa tamu na la Matinyani lilikuwa chungu? Jibu nililolipata baada ya kutafakari ni jepesi. Jembe la mgeni ni jepesi kwa sababu mgeni anaweza kuliweka chini. Mvua ikikataa, si mtoto wake atakayelala njaa. Akichoka, liko basi la kesho asubuhi. Mama hakuwa na basi. Ndiyo maana hakuna aliyepata kumwita mama mfanyakazi wa kujitolea, ijapokuwa hakuna aliyepata kumlipa.

Hapa naomba ruhusa ya kuingia kidogo katika uwanja wangu. Tulichunguze neno lenyewe, kujitolea. Kitenzi ni toa. Tukikinyambua katika kauli ya kutendea tunapata tolea, yaani toa kwa ajili ya fulani. Kisha tunakiongezea kiambishi ji, ambacho humrejelea mtenda mwenyewe. Sasa tazama sentensi hii fupi: alijitolea. Mtenda yumo mara mbili. Yumo katika a ya mwanzo, na yumo tena katika ji. Anayetoa ni yeye, na kinachotolewa ni yeye. Lakini yule ambaye kitu kinatolewa kwa ajili yake, ambaye kauli ya kutendea ilikuja kumtafuta, hana nafasi ndani ya neno. Ukimtaka ni sharti umwongeze kutoka nje: alijitolea kwa ajili ya wanakijiji. Usipomwongeza, sentensi imekamilika bila yeye.

Sidai kwamba waliolibuni neno hili walikuwa na nia mbaya, wala sidai kwamba sarufi ndiyo inayotutia kiburi. Ninasema tu kwamba neno hili limechora kwa usahihi wa ajabu jambo linalotendeka mara nyingi: mtu anatoka kwao, anakwenda mbali, anatoa, na mwisho wa hadithi ni yeye aliyetoa na ni yeye anayesimulia. Mwenyeji hayumo.

Liweke neno hilo kando ya jingine: limiana. Watu waliolimiana ni watu waliolima, huyu kwa ajili ya yule na yule kwa ajili ya huyu. Kiambishi na kilicho mwishoni hakikubali mtu mmoja. Mtu mmoja hawezi kulimiana. Ndivyo zilivyo pia saidiana, alikana, na azimana. Lugha yetu, basi, inatupa njia mbili za kusema habari ya kazi isiyo na mshahara. Katika njia ya kwanza mtenda anarudi kwake mwenyewe. Katika njia ya pili anakwenda kwa mwenzake, na mwenzake anakuja kwake.

Wakamba wameijua njia hii ya pili kwa miaka mingi, nao huiita mwethya. Mwethya ni kundi la majirani wanaofanya kazi kwa zamu: leo shamba lako, wiki ijayo langu. Anayeitisha mwethya huandaa chakula, na anayehudhuria anajua kwamba zamu yake itafika. Usidhani kwamba desturi hii haikupata misukosuko. Serikali ya kikoloni ilipoogopa mmomonyoko wa udongo katika Ukambani, iliamuru watu wapunguze mifugo na kuchimba matuta kwa lazima. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kuupinga uamuzi wa kuwanyang'anya mifugo, na malipo yake yakawa kuhamishwa hadi Lamu. Kazi ile ile ya kuchimba matuta ilichukiwa ilipokuwa ya kulazimishwa. Katika miaka ya 1950, huko Machakos, makundi ya mwethya yalipopewa nafasi ya kuchagua viongozi wao na kuchagua aina ya matuta waliyoyataka, watu wakachimba kwa hiari yao wenyewe. Walilipendelea tuta ambalo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro, nao wakaliita fanya juu. Jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya dunia bila kutafsiriwa. Na mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipotoa kitabu chao kuhusu Machakos, walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu wa wilaya hiyo walikuwa wameongezeka mara kadhaa, na udongo, badala ya kuharibika zaidi, ulikuwa ukitunzwa vizuri zaidi kuliko zamani.

Nilirudi nyumbani mwaka 2011 nikiwa na shahada yangu. Nilikuta kwamba mvua za mwisho wa mwaka 2009 zilizofuata ule ukame zilikuwa zimelikata tuta kubwa lililo juu ya nyumba yetu. Tuta lilikuwa limekwisha kutengenezwa. Nilipouliza ni nani aliyelitengeneza, mama alitaja majina ya majirani kumi na wanne, karibu wote wanawake. Hapo nikafahamu jambo ambalo hakuniambia kwa simu. Deni la mwethya hulipwa kwa mikono. Kwa muda wa miezi mingi mama, mwenye umri wake na maumivu yake ya goti, alikuwa akienda katika mashamba ya wale kumi na wanne kuilipa kazi ambayo ilistahili kufanywa na wanawe. Nilikuwa nikimtumia fedha kila nilipopata, naye alikuwa akizipokea kwa shukrani. Lakini fedha hazichimbi zamu.

Wiki iliyofuata nilikwenda badala yake. Kundi lilikuwa katika mto wa mchanga likikusanya mawe ya kujengea bwawa. Kwa faida ya msomaji asiyeyajua mabwawa haya, nieleze kwa ufupi. Ukuta imara hujengwa kukatiza mto wa msimu, msingi wake ukikalia mwamba. Mvua inyeshapo, mto huleta mchanga, nao hujaa nyuma ya ukuta. Maji hujificha katikati ya chembe za mchanga, mahali ambapo jua haliwezi kuyakausha upesi na mbu hawezi kutagia mayai. Wakati wa kiangazi watu huchimba kisima kidogo mchangani na kuteka. Katika Kitui shirika la SASOL, lililoanzishwa mwaka 1990, limejenga mamia ya mabwawa hayo pamoja na wanavijiji. Kwa upande wa Machakos na Makueni, Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni walikuwa wameianza kazi hiyo tangu mwaka 1978. Saruji huweza kuletwa na mfadhili, lakini mawe, mchanga na maji ya kuchanganyia huletwa na wenyeji kwa vichwa na migongo yao.

Akina mama waliitazama mikono yangu wakacheka sana. Mmoja wao akauliza kama huko Ulaya nilikosomea nilifundishwa kubeba jiwe. Nikamjibu kwamba ndiyo, nilifundishwa, na kwamba mwalimu wangu alikuwa bibi kama yeye. Hawakuniamini. Nikawaonyesha jinsi jiwe refu linavyoingizwa ndani ya kilima. Wakatazamana. "Hilo tunalijua," akasema mkubwa wao. "Beba."

Basi nimekuwa upande wa mgeni na nimekuwa upande wa mwenyeji. Miaka michache baadaye niliyaona mambo kutoka upande wa pili kwa ukamilifu. Kijana mmoja kutoka ng'ambo aliletwa na shirika fulani akae majuma matatu kwa jirani yetu, na shirika lilikuwa limemtoza fedha nyingi. Alikuwa kijana mwema, mwenye bidii, asiyechagua chakula. Alipanda miche arobaini ya miti. Aliipanda mwezi wa Agosti.

Mwalimu yeyote wa Ukambani anajua kosa liko wapi. Kwetu mvua za kutegemewa ni zile za kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba, na zile nyingine huja kati ya Machi na Mei, zikijisikia. Agosti ni mwezi wa vumbi. Lakini Agosti ndio mwezi wa likizo ndefu huko atokako mgeni, kwa hiyo ndio mwezi wa kujitolea. Kalenda ya kazi ilikuwa imeandikwa na shule zao, haikuandikwa na mawingu yetu. Jirani alijua, na kwa heshima hakusema. Kijana alipoondoka, mama yule alikuwa akinyunyiza miche ile kwa maji aliyoyabeba mgongoni kwa mtungi wa plastiki, lita ishirini kila safari, kwa miezi miwili, kwa sababu ilikuwa miche ya mgeni na ingekuwa aibu ife. Uliobaki ni mmoja. Kijana alipoandika kuuliza hali ya miti, mama alimwagiza mwanawe ajibu kwamba inaendelea vizuri.

Ninaposimulia kisa hiki wako wanaocheka, na wako wanaomkasirikia kijana yule. Mimi siwezi kumkasirikia, kwa maana ukuta wangu wa Cévennes ulikuwa miche yangu ya Agosti. Tofauti ni kwamba bibi wa Cévennes aliweza kuubomoa mbele ya macho yangu. Jirani yetu hakuweza kumwambia mgeni aliyetoka mbali, aliyeletwa na gari la shirika, kwamba anapanda wakati usiofaa. Na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya safari mbili ambazo kwa mbali zinafanana. Mwenyeji asiyeweza kukataa hajaalika; amevamiwa kwa upole.

Kuna tofauti nyingine. Tangu Januari 2024 Kenya iliondoa sharti la viza na kuweka idhini ya safari inayoombwa kwa intaneti kwa ada ndogo, na kijana wa Ulaya huipata akiwa kitini kwake. Kijana wa Matinyani akitaka kwenda kukamua mbuzi wa Cévennes, ataombwa ada ya yuro 90 ambayo hairudishwi hata akinyimwa viza, taarifa za benki, barua za mwajiri, na uthibitisho kwamba atarudi. Mimi nilifika kule kwa sababu tayari nilikuwa mwanafunzi Ujerumani. Kulimiana kunataka njia ipitike pande zote mbili.

Nisieleweke kwamba ninawafukuza wageni. Historia ya kazi za kujitolea ina mambo ya kuheshimiwa. Mwaka 1920 Pierre Cérésole, Mswisi, alikusanya watu wa mataifa yaliyokuwa yametoka kupigana ili kukijenga upya kijiji kilichoharibiwa na vita karibu na Verdun. VSO ya Uingereza ilianza mwaka 1958 na Peace Corps ya Marekani mwaka 1961, na wengi wetu tulifundishwa hisabati na sayansi na vijana wa mashirika hayo. Hapa kwetu Kenya Voluntary Development Association imekuwa ikiwakusanya vijana wa nchi na wageni katika kambi za kazi tangu mwaka 1962. Na wako wageni waliojifunza kulimiana. Mwaka 1985 kijana aitwaye Simon Maddrell alikuja kutoka Ulaya kusaidia kujenga bwawa la mchanga pamoja na Joshua Mukusya. Aliondoka, lakini hakusahau, na mwaka 2002 alianzisha shirika la Excellent Development la kuunga mkono kazi ambayo Mukusya na wenzake walikuwa wakiiongoza wenyewe. Huyo alipewa jembe na mwenyeji, akalirudia miaka kumi na saba baadaye.

Na hapo ndipo tunaporudi kwenye methali yetu. Tazama tena muundo wake. Haisemi mgeni achukue jembe. Inasema mpe. Amri hiyo anapewa mwenyeji, naye ndiye mwenye jembe, mwenye shamba na mwenye kuijua siku ya kupanda. Tena kuna siku mbili kabla ya jembe. Sisi tumezoea kuzieleza siku hizo kuwa ni za mapumziko ya mgeni. Mimi nadhani ni siku za mgeni kutazama, kusikiliza, kujua majina ya vitu na kujua ni nani anayemwamkia nani kwanza. Yule kijana wa miche angalikaa siku mbili akiuliza tu ni lini watu wa hapa hupanda miti, mama yule angalipona safari nyingi za mtoni.

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi umeingiza mafunzo ya huduma kwa jamii, na jambo hilo ni jema. Lakini nimeona jinsi linavyoweza kuharibika: wanafunzi wanapangwa mstari, wanapiga picha wakiwa na fagio sokoni, wanaandika ripoti ya kurasa tano na kupewa alama. Hiyo ni ji tupu, wala hakuna ana ndani yake. Mwanafunzi apelekwe kwa kundi la mwethya lililo karibu na shule, aandikwe katika zamu kama mtu mwingine, aonje maana ya kudaiwa kazi. Na kundi nalo liwe na haki ya kuja kudai: barua isomwe, hesabu za kundi zikaguliwe, kumbukumbu ziandikwe kwa lugha wanayoielewa. Nasi tuache kabisa kuwatishia watoto kwa jembe. Mtoto anayefundishwa kwamba jembe ni adhabu ya asiyesoma anafundishwa kumdharau mama yake.

Nanyi wanafunzi, mkipata nafasi ya kusafiri, nendeni. Mkialikwa katika shamba la mgeni, kubalini. Mtajifunza mengi ambayo hayamo vitabuni. Lakini kabla ya kufunga mzigo, jiulizeni ni zamu ya nani inayofanywa nyumbani mkiwa mbali, na ni nani anayeilipa.

Mama bado yuko Matinyani. Goti halimruhusu tena kwenda katika mwethya, na jina lake limeandikwa langu mahali pake. Kila mwisho wa Oktoba, mawingu yanapojikusanya, mkubwa wa kundi hunipigia simu kunitajia siku na shamba. Mara nyingine huwa nina mtihani wa kusimamia au mkutano wa idara, naye hunisikiliza kwa adabu hadi nimalize udhuru wangu. Kisha huniuliza kama nitakuja Jumamosi au Jumatatu.